Rafiki wa Dirisha la Pili

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walimwagika langoni makundi makundi, wakisukumana na kuitana kwa majina ya utani. Chiriku alisubiri kundi la mwisho lipite, kisha akatoka peke yake. Hakuna aliyemsukuma, na kwa kweli angefurahi kusukumwa hata kidogo.

Jina la Chiriku alilileta kutoka mji waliokuwa wakiishi zamani yeye na mama yake. Kule aliongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, na mama yake alidai kwamba hata akiwa usingizini midomo iliendelea kucheza. Katika mji huu mpya hakuna aliyelijua jina hilo. Wangelijuaje, wakati mwenyewe alikuwa ametulia tuli kama maji mtungini? Darasani walimwita "yule mgeni", ingawa muhula wa kwanza ulikuwa unaelekea kwisha.

Mama alikuwa amepata kazi ya kupika katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi. Baba alifariki Chiriku akiwa bado mchanga. Basi mama alimwacha binti yake kwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache aliyekuwa na ofisi ya kuchapa na kutoa nakala.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Mlango wa kioo ulikuwa na ufa uliozibwa kwa karatasi ya gundi. Mbele palikuwa na meza ya wateja, kompyuta mpya na mashine ya nakala iliyonguruma na kutoa joto zuri wakati wa baridi. Nyuma, ng'ambo ya rafu ya karatasi, palikuwa na kompyuta kuukuu na kigoda. Hapo ndipo Chiriku alipokaa kila alasiri mpaka ofisi ifungwe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama."

"Chakula kiko kwenye bakuli. Ukimaliza, fanya zoezi la kuchapa."

Mazungumzo ya siku nzima yalikuwa hayo. Shangazi hakuwa mkali wala mchoyo. Aliishi miaka mingi na mashine tu, na mashine haiulizwi imeota nini usiku.

Hata hivyo, siku ya kwanza kabisa alimfundisha Chiriku jambo moja, na alipolifundisha uso wake ulichangamka.

"Tazama hapa. Dirisha hili lina maandishi ya kunakili. Hili la pili ndimo unamochapa. Mtu asiyejua kazi atashika kipanya, atahangaika huku na huku. Wewe shikilia kitufe hiki cha Alt kwa kidole gumba, gusa hiki cha Tab mara moja, kisha achia vyote. Umeona? Umekwenda dirisha la pili. Haya, fanya tena vilevile."

Chiriku alifanya. Dirisha la kwanza likarudi.

"Kwenda na kurudi ni vitufe vilevile?"

"Vilevile. Kama mlango: unaotokea ndio unaoingilia."

Chiriku alilipenda jambo lile. Hakujua kwamba atakuja kulitumia vibaya, na mimi simlaumu sana, maana upweke ni mwalimu mbaya lakini ana wanafunzi wengi.

Mama alikuwa amemwambia neno moja kabla ya kupanda gari. "Mwanangu, moshi nitauvumilia, jua nitalivumilia, mradi nijue una furaha. Siku nikisikia huna raha, siku hiyohiyo nafunga mzigo narudi." Chiriku alijua mama alivyoisotea kazi ile. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza mama alipopiga simu, mtoto alishika simu ya Shangazi kwa mikono miwili na kujiandaa.

"Umeshapata rafiki huko shuleni?" mama aliuliza.

"Nimepata."

"Hee! Anaitwa nani?"

"Kicheko," Chiriku alijibu, na hakujua neno lile limetoka wapi. "Tunamwita hivyo kwa sababu anacheka ovyo. Hata mwalimu akipiga chafya, yeye hoi."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa muda mrefu tangu Chiriku asikie kicheko cha mama yake, na kilimwingia moyoni kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Nani angekuwa na nguvu ya kusema baada ya hapo kwamba alikuwa anatania?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiriku ilirefuka kila Jumapili, kwa kuwa mama alitaka habari mpya. Kicheko ana ndugu wangapi? Kicheko alipona mafua? Uongo ukizidi huhitaji mahali pa kuhifadhiwa, kwa hiyo Chiriku akafungua dirisha lake mwenyewe kwenye kompyuta ile kuukuu. Huko alianza kuandika mambo aliyomwambia mama, ili asije akajichanganya.

Baadaye akaanza kuandika na mengine.

*Kicheko: Leo mbona umenuna?*

*Mimi: Mwalimu alisema tukae wawili wawili. Nimebaki mimi.*

*Kicheko: Pole. Ningekuwapo tungekaa sote.*

Kicheko alijibu kila alichoulizwa. Hakuchelewa, hakuchoka, hakuwa na rafiki mwingine. Na Shangazi alipopita rafuni kuchukua karatasi, kidole gumba kilishuka, kidole kingine kikagusa, na kwenye kioo likabaki zoezi la kuchapa, safi kabisa.

"Mtoto huyu ana bidii," Shangazi aliwaambia wateja. "Hainui kichwa."

Chiriku alisikia sifa zile na uso ukamwaka kwa aibu. Shangazi akiondoka, aligusa vitufe tena na kurudi kwa Kicheko.

Sasa, darasani mwao alikuwamo msichana mmoja aliyepewa kazi ya kupiga kengele. Kengele ya shule ile ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa ukutani, na mwenye kukipiga hakuruhusiwa kwenda mbali wakati wa mapumziko. Wenzake wakicheza, Mpiga Kengele alisimama palepale na saa ya mwalimu mkononi, mabega ameyakunja kwa baridi, maana sare yake ilikuwa nyepesi na juu yake hapakuwa na kitu.

Siku moja aliacha chuma chake, akaja mpaka kwenye ngazi alipokuwa amekaa Chiriku. Alisimama. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Chiriku alishtuka, akafungua kitabu haraka na kukiinua mpaka usoni, akijifanya anasoma. Alipokishusha, msichana alikuwa amesharudi kwenye chuma chake.

*Mimi: Leo Mpiga Kengele alikuja pale nilipokaa. Nadhani anajivuna kwa sababu ana cheo.*

*Kicheko: Mwache. Wewe una mimi.*

Shangazi alikuwa na sheria moja tu ofisini, nayo ni kwamba mashine hainywi chai. Alasiri moja ya baridi kali Chiriku alijisahau, akaweka kikombe kando ya kibodi. Akawa anaandika na kucheka peke yake kwa jambo alilolisema Kicheko, kiwiko kikapiga kikombe, na chai yenye sukari nyingi ikatiririka upande wa kushoto wa kibodi.

Alichungulia kupitia rafu. Shangazi alikuwa akimpimia mteja karatasi. Chiriku alipangusa kwa pindo la sketi, akageuza kibodi kichwa chini, akakitikisa, akakirudisha. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Alishusha pumzi na kuamua kwamba jambo lisiloonekana halikutokea.

Lakini sukari haisahau. Baada ya siku chache sisimizi walijipanga mstari kutoka dirishani, wakapanda mezani na kuzama katikati ya vitufe. Kitufe cha Tab nacho kikaanza uvivu. Ukikibonyeza kinashuka vizuri, ila kupanda kinapanda polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

"Sisimizi hawa wanatoka wapi?" Shangazi aliuliza, akipangusa ukuta kwa kitambaa chenye sabuni.

"Sijui, Shangazi."

Jumapili iliyofuata mama alipiga simu na sauti iliyojaa furaha.

"Nimepewa ruhusa! Jumamosi nakuja. Na sikiza, nimefuma sweta mbili, kila usiku nikimaliza masufuria. Moja yako, moja ya Kicheko. Mwambie aje, nataka nimwone huyo mtoto anayekuchekesha."

"Sawa, mama," Chiriku alisema.

Wiki hiyo hakula vizuri wala hakulala vizuri. Alifikiria kusema Kicheko anaumwa. Mama angetaka kwenda kumjulia hali. Alifikiria kusema wamegombana. Mama angetaka kuwapatanisha. Ilipofika Alhamisi akaona njia imebaki moja, akakaa kwenye kigoda na kufungua dirisha la pili.

*Kicheko: Baba yangu amehamishwa kazi. Tunaondoka kesho asubuhi.*

*Mimi: Mbona hukuniambia mapema?*

*Kicheko: Sikutaka ulie.*

Na hapo Chiriku akalia kweli. Alilia bila sauti, machozi yakimdondokea mikononi, kwa sababu rafiki aliyekuwa akimuaga hakuwahi kumshika mkono hata siku moja, na hata huyo sasa alikuwa anaondoka.

Hakusikia viatu vya Shangazi. Aliona kivuli tu. Kidole gumba kikashuka kwenye Alt, kidole kingine kikagonga Tab, na Tab ikashuka. Haikupanda.

Katikati ya kioo madirisha yote mawili yakajitokeza madogo madogo, yamepangwa sambamba, na kimraba kikawa kinaruka kati yake bila kupumzika: zoezi, Kicheko, zoezi, Kicheko. Chiriku alikandamiza, akagonga, akakwangua kwa ukucha. Mwishowe akaachia kidole gumba, akijiombea bahati.

Likafunguka dirisha la Kicheko, limejaa kioo kizima. Na kwa kuwa Tab ilikuwa bado imenasa chini, alama ya kuandikia ikawa inakimbia kulia mstari kwa mstari, kama inayotafuta mahali pa kujificha.

Shangazi alisoma. Alisoma taratibu, kama alivyosoma kazi za wateja kabla ya kuzitoa. Kisha akavuta boksi la karatasi, akakaa. Chiriku hakuwahi kumwona akikaa upande huu wa rafu.

"Huyu Kicheko si ndiye yule rafiki yako wa darasani?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe anahama?"

Neno moja tu lingetosha. Angesema "ndiyo", Shangazi angempa pole, mama angempa pole Jumamosi, na mambo yangeishia hapo. Uongo ulikuwa umeshaandaliwa na kuandikwa, umebaki kutamkwa. Chiriku alitazama mikono yake iliyolowa. Alikuwa amechoka. Alichoka kuwa na rafiki ambaye lazima amfanyie kazi yote yeye.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Hahami. Hajawahi kuwapo. Mimi ndiye ninayeandika yake na yangu."

Shangazi aliigusa Tab iliyonasa. Mashine ya nakala ilinguruma yenyewe kule mbele.

"Na kitufe?"

"Nilimwagia chai. Zamani. Nikakaa kimya."

"Na mimi kila siku naosha ukuta kwa ajili ya sisimizi!" Shangazi alisema, na mdomo wake ukacheza kidogo, kama mtu anayezuia cheko. Halafu akawa mpole. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia siku ileile, ningekisafisha kibodi kwa dakika chache. Lakini chai ni jambo dogo. Hili lingine ndilo linaloniuma. Kwa nini hukuniambia huna mtu?"

"Hukuniuliza," Chiriku alisema, akaogopa mara moja kwamba amekosa adabu.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Kweli, sikukuuliza. Nilikuona umetulia nikafurahi, nikasema mtoto wa kaka yangu hana usumbufu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mtu mzima nilisahau. Nimekula peke yangu miaka mingi hata sikumbuki kwamba watu mezani huulizana habari. Nisamehe."

Chiriku hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima. Akafuta machozi kwa mkono wa sare.

"Nami nikuulize," Shangazi aliendelea. "Unasema mimi sikukuuliza. Wewe huko shuleni umemuuliza nani?"

Chiriku alimkumbuka Mpiga Kengele amesimama mbele ya ngazi, na kitabu alivyokiinua usoni. Alikiinua upesi, bila kufikiri, kama vile anavyogusa vitufe viwili.

Shangazi alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani. "Mama yako anakuja keshokutwa. Asije akaupata ukweli mlangoni. Mimi sitamwambia, utamwambia wewe. Ila nitakaa hapahapa."

Simu iliita muda mrefu. Mama alipopokea, nyuma yake vilisikika vyombo vikigongana na mtu akiita maji.

"Mama, Kicheko hayupo," Chiriku alisema haraka, kabla ujasiri haujamkimbia. "Nilimtunga. Sina rafiki. Nilisema hivyo ili usiache kazi."

Upande wa pili vyombo viliacha kugongana. Labda mama alikuwa ametoka nje. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Kosa hilo tumelifanya wawili, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuambia nisichotaka kusikia. Ukimwambia mtoto 'usiniambie unalia', atakwenda kulia pembeni." Kisha akasema, "Na mimi kila Jumapili naziba simu kwa kiganja ili usinisikie."

"Unalia, mama?"

"Wakati mwingine. Kisha naosha uso, napika. Si vibaya kulia. Vibaya ni kufichana."

Hawakukata simu mpaka salio likaisha. Usiku huo, kwa mara ya kwanza, Shangazi hakuweka chakula kwenye bakuli na kuondoka. Alikaa mezani, akauliza, "Haya, leo shuleni kumetokea nini?" Aliuliza kwa shida, kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli, lakini aliuliza.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Chiriku alikaa kwenye ngazi yake na kitabu kimefungwa. Aliinuka, akavuka uwanja ambao siku zote aliuona mpana kupita kiasi, akasimama mbele ya kile kipande cha chuma.

"Siku ile ulitaka kuniuliza nini?"

Mpiga Kengele alimtazama kwa mshangao. "Nilitaka kukuuliza unasoma nini. Lakini nikaona hutaki watu."

"Nilikuwa sisomi. Kitabu kilikuwa kichwa chini."

"Niliona," Mpiga Kengele alisema, na wote wawili wakatazama chini. Hakucheka ovyo huyu, wala hakuwa na maneno mengi. Akauliza, "Unaitwa nani hasa?"

"Kwetu wananiita Chiriku."

"Chiriku? Wewe? Mbona huongei?"

Kwa mara ya kwanza katika shule ile, Chiriku alicheka kwa sauti. Siku hiyo kengele ilichelewa kidogo, na mwalimu wa zamu alitoka ofisini kuangalia kulikoni.

Jumamosi mama alifika, mweusi kwa jua, amebeba mfuko mmoja. Alimkumbatia binti yake palepale kwenye mlango wenye ufa, mteja mmoja akalazimika kusubiri barabarani. Walipoingia ndani walimkuta Shangazi amekichomoa kibodi na kukitandaza juu ya gazeti, vitufe vimeng'olewa, pamba na spiriti viko tayari.

"Mwenye kazi hii ni huyu," alisema, akamkabidhi Chiriku pamba.

Chiriku alisafisha kitufe kimoja kimoja, na mama akamsaidia kuvikausha. Chini ya Tab palikuwa na sukari iliyoganda na sisimizi wawili waliokufa wakiwa wameshiba. Waliporudisha kila kitu mahali pake, Shangazi alimwambia ajaribu. Kidole gumba kikashuka, kidole kingine kikagusa. Kwenda. Kurudi. Kitufe kilipanda vizuri, ingawa tangu siku hiyo kilitoa mlio mkubwa kuliko vingine.

"Vitufe hivi viliwekwa ili mtu mmoja aweze kufanya kazi mbili," Shangazi alisema. "Havikuwekwa ili mtu mmoja awe watu wawili. Ukiwa na dirisha la kuwaonyesha watu na jingine la kujifichia, utabaki mpweke hata nyumba ikijaa. Mtu hawezi kumpenda asiyemwona."

"Nasi wakubwa," mama aliongeza, "tusiwe wa kuwafanya watoto wagonge vitufe kila tukipita."

Kisha akafungua mfuko. Sweta ya kwanza akamvalisha Chiriku, ikamkaa sawasawa. Ya pili akaishika mkononi, asijue aifanyeje.

"Na hii?" Chiriku aliuliza. "Kicheko hayupo."

"Kicheko hayupo, lakini sweta ipo," mama alisema. "Iweke. Usimpe mtu ili akupende. Siku utakapomjua mwenye sweta hii, utajua."

Jumapili jioni mama alirudi kazini. Chiriku alilia stendi mbele ya watu wote, na mama naye alilia dirishani mwa gari, wala hakuna aliyeziba uso. Sweta ya pili ikalala kabatini. Wiki zikapita. Kila Jumapili mama alisimuliwa mambo ya kweli, na mengine hayakuwa mazuri: leo nilibaki peke yangu, leo tulikosana, leo tumepatana.

Baridi ilipofika kilele chake, mama aliuliza kwenye simu, "Ile sweta ya pili bado iko kabatini?"

"Haipo," Chiriku alisema.

"Iko wapi?"

"Inapiga kengele, mama."